Kabichi Zisizopigwa Dawa

Sogeeni, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza. Kisa hiki nimekisimulia kilabuni, kanisani, hata msibani, na kila nilipomaliza watu waligombana, nami nikarudi nyumbani kichwa kinaniuma. Nimechoka nacho. Lakini mimi ndiye mjumbe wa nyumba kumi hapa, na keshokutwa lazima niamue.

Kwetu Uluguruni ardhi hufuata ukoo wa mama. Bi Kostansia ana shamba moja la kabichi ubavuni mwa mlima, na watoto watatu. Ludoviko, mkubwa, anajua udongo. Akiufinya kiganjani atakuambia umekosa nini. Modesta ana macho ambayo hata utitiri wa kuku hauyapiti. Mdogo wao Prisko ana mdomo. Huyo angemwomba mchawi ungo wake na akapewa.

Bi Kostansia alibeba bomba la dawa mgongoni miaka ishirini, mpaka ngozi ya mikono ikababuka. Mwaka jana akalitupa bomba.

“Basi,” akasema. “Hapa sasa ni kilimo hai. Tone la sumu lisiingie shambani kwangu. Atakayeniletea mavuno hivyo, shamba ni lake.”

Majirani walicheka, wakamwambia atavuna matundu. Mimi pia nilicheka, nisiwafiche.

Ludoviko akaanza. Udongo ule ulikuwa umechoshwa na mbolea ya chumvichumvi, maji yakipita juu kama kwenye sakafu. Akazunguka mlima mzima akiomba samadi ya mbuzi, akaibeba kichwani, akaichanganya na majani na majivu, akaligeuza rundo miezi mitatu. Lilinuka hadi mkewe akamhamishia kitanda jikoni. Mboji ilipoiva wakapanda, na miche ikashika rangi ya kijani ambayo shamba lile lilikuwa limeisahau.

Kisha viwavi wakaja. Hapo akaingia Modesta. Kila asubuhi, umande haujakauka, aliinama jani kwa jani, akiwaokota kwa vidole na kuwatumbukiza kwenye kopo la maji. Aliacha kupika vitumbua, na wateja wake wote wakahamia kwa mwingine. Alipojaribu kunyoosha mgongo alipiga kelele. Wiki tano! Bila yeye pangebaki vishina tu.

Lakini aliowamaliza leo, kesho wapo wengine. Walitoka shamba la chini, la jirani yao Kobelo, ambaye kabichi zake zilikuwa zimemshinda akaziachia wadudu. Prisko akamfuata. Alizungumza naye siku mbili, akala ugali wake, akamsifia mpaka mbwa, na mwisho Kobelo akakubali kupiga dawa shambani kwake mwenyewe. Prisko akamchagulia asubuhi isiyo na upepo. Baada ya wiki moja viwavi hawakupanda tena.

Wakavuna. Kabichi zilikuwa ndogo kuliko za zamani, nyingine zina matundu, lakini ngumu na tamu. Bi Kostansia alizichuma kwa mikono mitupu, akicheka peke yake. Nilifurahi kumwona. Ningejua, ningeaga mapema.

“Shamba langu hilo,” akasema Ludoviko. “Bila mboji mngepanda kwenye jiwe.”

“Na bila mimi, kaka, viwavi wangekula mboji yako ikiwa imeshageuka majani,” akajibu Modesta.

“Dada, ungeokota viwavi mpaka Pasaka,” akasema Prisko. “Nani aliyewazibia njia?”

“Wewe nyamaza!” akafoka Modesta. “Mama alikataza sumu, wewe umekwenda kuiita.”

“Imeingia shambani kwa mama? Tone moja tu, nionyeshe!”

Wote wakamgeukia mama yao.

“Nilikataza sumu kwa sababu ya mikono yangu,” akasema Bi Kostansia. “Kobelo naye ana mikono.”

“Lakini kabichi umekula, mama,” akasema Prisko kwa upole.

“Nimekula, mwanangu.” Akalia. Kisha akanigeukia. “Mjumbe, amua wewe. Mimi nimeshindwa.”

Ahsante sana, Bi Kostansia! Umeshindwa wewe uliyewazaa, nitaweza mimi?

Na ninyi msiniambie wagawane. Shamba lina upana wa hatua kumi na nane. Ukiligawa mara tatu, kila mmoja anapata pa kulaza mbuzi. Msiniambie walime pamoja. Niliwaambia, wakaondoka kila mtu na njia yake. Ludoviko hagusi samadi mpaka ajue analima shamba la nani. Modesta amerudi kwenye vitumbua vyake. Prisko, mwenye mdomo ule, hasalimii mtu. Miche mipya imeshapita kimo cha kupandikizwa, imejazana kitaluni, na jana nilipoinama niliona majani yametobolewa. Mama yao anaitazama, mgongo haumruhusu kuinama, na jirani mmoja amekwishamletea bomba la kuazima. Bado hajalirudisha.

Haya, semeni sasa. Aliyeulisha udongo, aliyevunja mgongo, au aliyeipeleka sumu kwa mwingine ili mama yake aepukane nayo? Ungekuwa wewe mjumbe, shamba ungempa nani, na wale wawili ungewaambia nini usoni?