Uzi Kati ya Uzito na Dozi

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, mafundi watatu wa kompyuta mjini Morogoro, Mwanahawa, Shabani na Nasra, walitunza programu ya maduka ya dawa. Kila walipoirekebisha hapa, iliharibika kule. Bosi wao, Bwana Kilewo, akatangaza, "Atakayenionyesha kinachoiharibu ndiye nitakayemfanya kiongozi wenu."

Mwanahawa alikitaka cheo hicho kuliko wali wa sikukuu. Naye alikuwa ameshagundua: faili la uzito wa mtoto likibadilishwa, faili la dozi nalo lazima libadilishwe. Ukisahau moja, mtoto anaandikiwa dozi ya mtu mzima. Kosa lake, alimsimulia Shabani wakinywa chai.

Shabani akafungua kumbukumbu za kompyuta, zinazoonyesha kila kilichohifadhiwa na lini, akachora. Kila faili akalifanya kitone. Mafaili yaliyohifadhiwa pamoja akayaunga kwa uzi, na kila yalipohifadhiwa pamoja tena, uzi ukanenepa. Bosi akaitazama picha ile ikisogea kwenye skrini, mwezi baada ya mwezi wa kazi yao, nyuzi zikinenepa, akampa Shabani mkono wa pongezi. Wivu ukamshika Mwanahawa.

Lakini picha ilikuwa vurugu tupu. Hata faili la rangi za vitufe lilionekana ndugu wa dozi! Kisa nini? Mwanahawa na Shabani walizoea kufanya kazi kutwa nzima, kisha kuhifadhi yote, yanayohusiana na yasiyohusiana, kwa mkupuo wakati wa kwenda nyumbani. Nasra peke yake alihifadhi kila kazi mara alipoimaliza, nao wakimcheka kwa kujichelewesha. Shabani alipochora upya kwa kazi za Nasra tu, nyuzi za uongo zikatoweka. Ukabaki mmoja mnene, kati ya uzito na dozi.

"Bosi, niliyeona ni mimi," alisema Mwanahawa. "Huyu ameninyang'anya."

"Uliona, dada, lakini hukumwonyesha bosi," alijibu Shabani. "Mimi nimeonyesha."

"Umeonyesha kwa kazi za nani?" aliuliza Nasra. "Bila mimi ungechora kiota cha ndege."

Bosi akasema, "Haya, kila mmoja aniambie: kama si yeye, nani?"

Shabani akamtaja Nasra. Nasra akamtaja Mwanahawa. Mwanahawa akakataa kumtaja yeyote. Aliona heri cheo kikose mtu kuliko amwite mmoja wao kiongozi.

Sasa nyie mnaonisikiliza, msiniangalie mimi. Aliyeona, aliyeonyesha, au aliyehifadhi vizuri? Na wivu wa Mwanahawa, umpunguzie haki yake au haumhusu mtu? Je, nani alistahili?