Jogoo kwa Kila Kitanda

Nyamizi, muuza kuku, alikwenda ofisi ya wilaya kwa Bwana Lugendo, aliyepokea vitanda vya wazazi kutoka kwa wafadhili wa ng'ambo. Zahanati ya kijiji ilipewa sita. Binti yake alikaribia kujifungua, na wajawazito wengine bado walilala sakafuni.

"Vililetwa vingapi kwa ajili yetu, mheshimiwa?"

"Hiyo ni siri ya serikali, mama. Rudi kwenye kuku wako."

"Kuku ndio walionileta. Kijiji kinataka kukushukuru wewe uliyetuombea: kila kitanda, jogoo mmoja. Kama ni siri, basi tutakupa sita."

Lugendo akaweka kalamu chini. "Sita? Mnataka kuwaaibisha wafadhili? Vilikuja arobaini!"

"Arobaini! Wenzangu watasema natia chumvi. Niandikie, baba."

Lugendo akaandika, akagonga muhuri.

"Jumamosi uje zahanati," Nyamizi alisema. "Usisahau tenga kubwa."

Jumamosi Lugendo alifika na matenga mawili. Kijiji kizima kilikuwa uani. Nyamizi aliisoma barua kwa sauti, kisha akamwingiza wodini. Majogoo sita walikuwa wamefungwa, kila mmoja kwenye mguu wa kitanda chake.

"Kwetu shukrani hukabidhiwa penye zawadi yenyewe," alisema. "Hawa sita ni wako. Wale thelathini na wanne wako nje, kamba tayari miguuni. Tuonyeshe vitanda vyao, mheshimiwa, tukawafunge."