Sindano ya Kumsikia Elizabeth

Katika kijiji kimoja cha Bujonde, wilayani Kyela, aliishi mkulima wa kakao aitwaye Angetile. Alikuwa mtu wa kazi, lakini woga ulimjaa pomoni. Msimu mmoja mnunuzi alilikataa gunia lake zima kwa sababu ya punje chache zenye ukungu, na tangu siku hiyo Angetile hakukiamini kitu chochote kabla ya kukigeuzageuza, kukinusa na kukitilia shaka. Mkewe, Kisa, alizoea kumtania: "Bahati yangu ulinichumbia kabla ya lile gunia. Ingekuwa baadaye, hadi leo ungekuwa unanigeuzageuza juani."

Nyumbani kwao kulikuwa na gramafoni ya baba yake, Mzee Ezekiel, pamoja na santuri moja. Katika santuri hiyo marehemu mama yake Angetile, Elizabeth, aliimba akiiongoza kwaya ya kanisa lao. Nakala nyingine hawakuijua. Mafuriko yalipoingia Bujonde waliiokoa santuri, lakini gramafoni iliwaponyoka mlangoni. Kichwa cha sindano, kile kidude kidogo kilicho kwenye ncha ya mkono wake, kikapasuka.

Nyumba ikawa kimya. Baya zaidi, masikio ya mzee yalikuwa yakififia, na daktari alisema wazi kwamba hayatarudi.

"Mwanangu," mzee alisema, "nataka nimsikie mama yako tena kabla masikio haya hayajazibika. Sina ombi lingine."

Angetile akaenda Bondeni, mjini Kyela, kwa Ahmada, mfanyabiashara mwenye asili ya Tanga aliyeuza redio na vipuri. Ahmada aliagiza Dar es Salaam, vikaja vichwa viwili.

"Hiki chenye ncha ya mviringo ni kipole," alieleza. "Kitaufaa mkono wa mashine yako bila matata. Na hiki chenye ncha nyembamba kina sauti safi zaidi, ila kinataka kufungwa kwa uangalifu. Chukua chochote, Bwana Angetile, hutajuta."

Angetile alikiinua cha kwanza kwenye mwanga, akakikagua kama anavyokagua punje ya kakao. Alikuwa amesoma mtandaoni kwamba ncha ya mviringo haifiki chini kabisa ya mfereji wa santuri. Akakirudisha. Cha pili kilimtisha zaidi: ncha ile nyembamba aliiona kama kisu kwenye koo la mama yake. Akakirudisha nacho.

"Ngoja kwanza nifikirie," alisema.

"Fikiria, ndugu yangu, lakini duka halifikirii. Akija mteja, nauza."

Alifikiri wakati wa kuvuna mpunga, akafikiri hata mpunga ulipokwisha kukobolewa. Kila asubuhi alisimama nyuma ya baba yake na kumwamkia, "Mugonile, Tata," kisha akangoja aone kama amesikia. Mwanzoni mzee aliitika papo hapo. Baadaye ikabidi salamu irudiwe. Ikafika asubuhi ambayo hakugeuka kabisa, aliendelea tu kumenya ndizi zake.

"Wewe unaiogopea santuri," Kisa alimwambia, "mimi nayaogopea masikio ya baba. Santuri itasubiri, masikio hayasubiri. Nenda leo."

Alikwenda mbiombio hadi Bondeni. Kichwa cha ncha ya mviringo kilikuwa kimenunuliwa na mwenye nyumba ya wageni kule Matema. Kile cha ncha nyembamba kilikwenda Mbeya. Kilichobaki kilikuwa cha zamani, kizito, ambacho Ahmada alikitoa kwenye mashine mbovu.

"Hiki sikushauri," Ahmada alisema. "Sindano yake imelika. Nikuagizie kingine, kitafika baada ya wiki kadhaa."

"Wiki kadhaa baba atakuwa hasikii hata radi."

Basi yule aliyevikataa vichwa vizuri akakichukua kibovu bila hata kukitazama. Hofu ile ile iliyomzuia ndiyo sasa iliyomsukuma.

Alasiri ile Mzee Ezekiel alivaa shati lake la kanisani, akaketi sikio lake likigusana na spika. "Ndaga, mwanangu," alishukuru hata kabla wimbo haujaanza. Angetile aliushusha mkono wa gramafoni. Kwaya ilianza, kisha ikaingia sauti ya Elizabeth. Sindano ikaikwaruza. Sauti ikapasuka, ikakatika, ikatetemeka kama ya mtu anayekabwa, na unga mweusi ukajikusanya kwenye ncha. Angetile aliunyanyua mkono upesi, lakini alijua kwamba mfereji umekwisha kulika, na hakuna sindano ambayo ingeurudisha ulivyokuwa.

Mzee Ezekiel alikuwa amesikia. Alimgeukia mwanawe, machozi yakimlengalenga.

"Mbona analia?" aliuliza. "Mama yako hakuwa mtu wa kulia. Nani amemfanya nini?"

Angetile alijibu kwamba ni yeye. Alijibu tena kwa sauti kubwa, karibu na sikio, lakini mzee aliendelea kumtazama, akingoja jibu. Mchagua nazi hupata koroma.