Jina la Mtoto wa Salme

Hapo zamani, na msinikodolee macho, zamani yangu ni ya juzijuzi tu, palikuwa na Salme, mja mzito, pale Tanga. Mama yake, Bi Kibibi, aliugua akajua mjukuu hatamwona. Basi akajirekodi kwenye laptopu yake, akimwimbia nyimbo za kumbembeleza. Akafa. Matangani mtu akaimwagia laptopu kahawa, nayo ikafa.

Salme akalia upya. "Mama nimemzika, na sauti yake je? Atakayenirudishia, mwanangu nitampa jina lake!"

Wifi yake, Tatu, alikuwa akifanya kazi kwenye duka la kompyuta. Akaipeleka huko. Bosi akaifungua, akasema, "Bodi imeungua. Toa, weka mpya."

"Bosi, hii haina diski ya kuchomoa. Hifadhi yake imechomelewa kwenye bodi yenyewe. Ukiitupa bodi, umemtupa Bi Kibibi."

"Nani bosi hapa, mimi au wewe?"

Tatu akaipakata laptopu, akatoka nayo mbele ya wateja. Kazi ikaishia hapohapo.

Akampelekea Chausiku, fundi mwanamke anayejitegemea. Chausiku akaipima, akaguna. Kipande cha umeme kimeungua, na dukani hakipatikani. Kilikuwepo kimoja tu, ndani ya laptopu yake mwenyewe, ile anayofanyia kazi. Alikaa akaitazama. Kisha akakibandua, akakichomelea kwenye bodi ya marehemu. Yake ikazima, ya Bi Kibibi ikawaka.

Ikawaka, ikadai neno la siri! Bi Kibibi alikuwa akiifungua kwa kidole, na kidole kimo kaburini. Kumbe laptopu ile zamani ilikuwa ya mke mwenzake, Bi Mishi. Mume aliichukua kwa huyu akampa yule, mwanaume yule, Mungu amsamehe, mimi bado. Tangu siku ile wake wale hawakusalimiana. Lakini neno la siri aliliweka Bi Mishi, na halikubadilishwa kamwe.

Salme akamwendea. "Mama mdogo, nisaidie."

Bi Mishi akaja, akaandika neno. Kabla hawajafungua rekodi akasema, "Najua nitasemwa humo. Na nisemwe."

Sauti ikatoka. Wimbo, kikohozi, wimbo tena. Halafu: "Salme mwanangu, Mishi asimshike mjukuu wangu."

Bi Mishi akajitanda vizuri mtandio wake, akasema, "Inakilini na kwingine, isije ikapotea tena." Akaenda zake. Jamani, mimi nililia.

Salme akajifungua salama, mtoto wa kike. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Tatu akasema, "Bila mimi bodi ingekuwa jalalani. Na kazi sina."

Chausiku akasema, "Ungeikumbatia mpaka kiama, ingeongea? Mimi nimeiua yangu ili hiyo iamke."

Bi Mishi hakudai kitu.

Leo ni siku ya saba. Nywele zimenyolewa, ubani unafuka, watu wanasubiri jina. Bi Mishi amefika, amesimama kizingitini, haingii. Salme ana mtoto mikononi, ananitazama mimi. Haya, nyinyi mnaojua kila kitu, nisaidieni: mtoto huyu aitwe nani, na akishaitwa, apakatwe na nani?