Kilatini cha Kumnyang'anya Siwatu Mbuzi

Kapungu alikuwa na ng'ombe wa kujaza bonde, lakini jicho lilimtoka kwa mbuzi mmoja wa maziwa wa Siwatu, mjane asiye na mbuzi mwingine. Akamshtaki barazani kwamba kamwiba mbuzi huyo, akaja na wakili kishoka asiye na cheti, mwenye tai na Kilatini cha kuokoteza.

"Mama huyu akikana, hiyo ni kalumnia!" wakili alinguruma.

"Ndiyo nini, baba?"

"Kumsingizia mtu ilhali unajua ni uongo."

"Neno tamu," alisema Siwatu. "Basi tajiri aape."

Kapungu akaapa: mbuzi ni wake, na alikuwa mikononi mwake hadi alipoibwa alfajiri hiyo.

Siwatu akamkabidhi kamba ya mbuzi. "Mchukue, mzee. Na mchicha wa mwenyekiti wa baraza alioumaliza mbuzi wako jana, ukajibu wewe."

Mwenyekiti aliinuka na bakora. "Kumbe ni wewe niliyekuwa nakusaka! Shamba utalilima upya kwa mikono yako!"

"Si wangu!" alilia Kapungu. "Ni wa Siwatu! Na jana alimfunga kwake kutwa, nilimwona kwa macho yangu!"

Baraza likaangua kicheko. Siwatu akachukua kamba yake.

Nje, wakili alimnong'oneza, "Mama, kweli mbuzi alikula mchicha?"

"Hata jani. Ile uliyonifundisha inaitwaje vile? Kalumnia."