Pipa la Ishirini na Moja

Paukwa.
Pakawa.
Palikuwa na mto?
Ukawa.
Mtoni palikuwa na geti?
Likawa.
Getini palikuwa na mwenye muhuri?
Akawa, akanona.

Hadithi za wengine huanza hapo zamani. Hii ilianza Jumanne, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, siku chache kabla ya vuli, Sange alipofika getini akisukuma pipa. Gulu-gulu-gulu. Akarudi akasukuma la pili. Gulu-gulu-gulu. Akafanya hivyo mpaka yakawa matano.

Sange ni yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, kama mkonga uliosahau kukua. Kazi yake ilikuwa kupaka vanishi magamba ya kobe. Wateja walikuwa arobaini na mmoja, na wa kwanza kwenye foleni alikuwa Bibi Kobe, mjane, mwenye ufa begani wa urefu wa kidole. Ufa ule ulihitaji kuzibwa kabla ya mvua. Maji yakiingia humo hayatoki, maana kobe hawezi kuvua gamba akalianika. Mwaka uliotangulia mumewe Bibi Kobe aliondoka hivyo hivyo, kwa kikohozi. Sange alikuwa amemwahidi kwamba safari hii vanishi itawahi.

Lakini vanishi bila thina ni uji wa jana, haipakiki. Na thina hutoka ng'ambo ya pili. Tena ni kemikali, hunuka vibaya na hushika moto upesi, kwa hiyo kila pipa lilipaswa kupita kwa Kiboko, Mkaguzi Mkuu wa Vimiminika.

Kiboko alikuwa amekaa. Akapiga mwayo, hwaaa. Akauliza kama karatasi ya usalama ipo. Sange akasema ipo, sehemu zote kumi na sita. Akauliza kama lebo ipo. Ipo, yenye picha ya moto. Akauliza kama kibali kipo. Kipo, na nakala tatu.

"Basi kuna kasoro," akasema Kiboko.

"Ipi, Mheshimiwa?"

"Nitaitafuta. Wakati naitafuta, nachukua sampuli."

Akaonyesha pipa zima. Sange akamwambia kwa adabu kwamba sampuli, kwa mujibu wa kanuni, ni kijiko kimoja.

"Kijiko cha nani?" Kiboko akafungua kinywa, hwaaa, mpaka kivuli chake kikamfunika Sange. "Kwa mdomo huu, binti, pipa ndilo kijiko."

Akagonga muhuri, pwaa! Sange akaambiwa alisukume pipa mwenyewe hadi ghalani kwa Kiboko. Gulu-gulu-gulu. Ghala lilikuwa ndani ya nyumba ya ghorofa tatu aliyokuwa akiijenga, yeye anayelala majini. Nyumba haikuwa imepakwa rangi. Ilikuwa ikingoja mtu aingize rangi kupitia getini.

Jumatano Sange akarudi. Karatasi ipo? Ipo. Lebo ipo? Ipo. Kibali kipo? Kipo. Basi kuna kasoro: picha ya moto haikuonyesha moshi. Pwaa! Gulu-gulu-gulu.

Alhamisi akarudi, na moshi kauchora. Karatasi ipo? Ipo. Lebo ipo? Ipo. Kibali kipo? Kipo. Basi kuna kasoro: moshi ule ulielekea kushoto. Pwaa! Gulu-gulu-gulu.

Ijumaa kibali kilikuwa na nakala tatu, zikatakiwa nne. Alipotoa ya nne, Kiboko akasema nakala ikizidi inatia shaka. Pwaa! Gulu-gulu-gulu.

Sange akabakiwa na pipa moja. Upande wa mashariki mawingu yalikuwa yameanza kukaa vikao. Ngiri, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni na ambaye sampuli zake nane zilikwishalala ghalani, akamshauri akate tamaa mapema, kwamba tamaa ikikatwa mapema haiumi sana.

Sange akakaa juu ya pipa lake la mwisho, akafungua kitabu cha kanuni kilichokuwa kimening'inizwa getini kwa kamba. Kitabu kile hakuna aliyewahi kukifungua. Hata buibui aliyekuwa ndani alishangaa kuona jua. Akasoma kanuni ya kwanza, akasoma ya pili, akasoma mpaka ya arobaini na nane, ya mwisho kabisa, pale ambapo hata aliyeiandika alikuwa amechoka. Akafunga. Kisha akahesabu kwa vidole: mapipa yaliyokuwemo ghalani alipoingia Jumanne, kumi na sita. Yake manne. Jumla ishirini.

Jumamosi, saa mbili kamili, akafika. Gulu-gulu-gulu. Safari hii alikuwa analia, au tuseme pua ilikuwa inalia. Akaomba, mbele ya Ngiri na foleni nzima, kwamba leo pipa lisichukuliwe, ni la mwisho, kuna bibi kizee anayelitegemea.

Kiboko hakuuliza karatasi. Hakuuliza lebo. "La mwisho ndilo tamu," akasema. "Sampuli." Pwaa!

Sange akalisukuma ghalani polepole. Akarudi mbio, tiki-tiki-tiki, na fomu mkononi.

Akasema ana taarifa. Kuna mtu ukingoni mwa mto huu ameweka kemikali nyumbani mwake, hana kibali, hana lebo, hana hata ndoo ya mchanga ya kuzimia moto.

Kiboko akasimama, jambo ambalo halikuwa limetokea wiki ile. "Mapipa mangapi?"

"Ishirini na moja, Mheshimiwa. Kanuni ya arobaini na nane inasema yakizidi ishirini ni kosa."

"Ni nani huyo?"

Sange akamwonyesha fomu. Kwa utaratibu, agizo huandikwa kwanza na jina baadaye, ili mkaguzi asimpendelee mtu. Kiboko akasifu utaratibu huo, akasema ndio uliomfikisha alipo. Mstari wa kwanza ulisema mapipa yatakaa kwa mtoa taarifa mpaka kesi iishe. Kiboko akaukubali, akaongeza kwa sauti ya chini kwamba kesho atapita kuchukua sampuli. Mstari wa pili uliuliza mkosaji akae wapi.

Kiboko akamtupia jicho Ngiri, ambaye huogopa maji. "Akae mtoni, maji yafike machoni. Asitoke mpaka akaguliwe na mkaguzi mwingine. Andika."

"Nimeandika, Mheshimiwa."

Pwaa!

Sange akajaza jina. Akawapelekea Mamba wawili, askari wa mto, ambao hawajui kusoma kitu chochote isipokuwa muhuri. Wakautazama, wakaridhika. Wakamshika Kiboko huku na huku.

"Mimi ndiye mkaguzi," Kiboko akasema.

"Ndiyo maana unaujua utaratibu," Sange akamjibu.

Chubwi!

Na huyo mkaguzi mwingine? Huletwa kwa barua, na barua lazima igongwe muhuri na mkaguzi aliyepo kazini. Basi mpaka leo Kiboko yumo majini, macho nje, pua nje, akitazama kama kuna mtu anakuja na mkoba.

Foleni ikashangilia. Ngiri akamwomba Sange mapipa yake nane. Sange akamtazama kwa upole, akamwambia, "Kaka, kesi haijaisha. Lakini tuanze. Karatasi ipo?"

Jumamosi yote yakasukumwa mapipa kuelekea kwa Sange. Gulu-gulu-gulu.

Funzo la hadithi, wanangu: waheshimuni wakaguzi, msihesabu vitu vya watu, na kanuni msizisome mpaka mwisho, zinaharibu macho.

Hadithi imepita getini, muhuri umekauka. Mwenye kasoro ataje, asiye nayo akalale.

Mnauliza Bibi Kobe je?

Jumapili, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Sange aliamka jasho likimtoka. Akahesabu mapipa. Akahesabu tena. Akatoka mbio, akasukuma pipa moja mpaka uani kwa Ngiri, akaliacha mlangoni. Ngiri akatoka, akamshukuru kwa machozi, akasema hajawahi kuona ukarimu wa namna ile.

Aliporudi, Bibi Kobe alikuwa ameshafika, ameinamisha bega. Mawingu yalikuwa yamefika juu ya paa.

"Mjukuu wangu, yamebaki mangapi?"

"Ishirini, Bibi."

"Basi tuko ndani ya sheria," akasema Bibi Kobe. "Ziba."

Sange akakoroga vanishi mpaka ikalainika, akachovya brashi, akaziba.