Turubai la Kuzibia Jua

"Mnataka umeme, au mnataka wenzenu wakose?"

Niliuliza hivyo wiki iliyopita kwenye mkutano wa hosteli yetu ya wasichana. Dada zangu, mlikuwepo. Dakika moja kabla, kila mtu alikuwa na mdomo. Ghafla wote mkakumbuka simu zenu. Basi leo mmenipa mimbari na hamwezi kunikatiza. Sikilizeni mfano.

Kulikuwa na mama mmoja aliyeishi ukuta kwa ukuta na fundi cherehani, mwanamke mwenzake. Mtaa wao ulinyonya transfoma moja kuukuu, iliyowekwa enzi zile nyumba zilikuwa chache na kila nyumba ina balbu na redio basi. Sasa kuna mchomelea mageti, kuna mashine ya kusaga, kuna mafriji, na kila mpangaji ana jiko lake la umeme. Ikifika saa nane mchana balbu zinakuwa nyekundu kama kaa linalozimika, halafu pu! Kimya.

Fundi akachoka. Akajinyima, akafunga paneli za sola bati zima. Vyerehani vyake na zile pasi zake kubwa akavitoa kwenye laini. Kinyozi na fundi simu wakamwomba waya wa kuvuta umeme wa jua, akawapa.

Na yule mama? Mmeshawahi kumwona mtu anayeumwa na jua la mwenzake? Akifungua dirisha asubuhi, paneli zinamng'aria usoni.

"Anajiona," akamwambia binti yake. "Si tumechota maji bomba moja na huyu? Leo cherehani chake kinalia kutwa nzima. Kinanisema."

"Mama, cherehani hakisemi mtu."

"Wewe huelewi. Kile kinanisema mimi."

Mnacheka. Subirini.

Binti huyo alikuwa anaagwa Jumamosi, aende kuolewa. Sendofu yenyewe, ukoo mzima unakuja. Friza ya mama ilijaa nyama, kuku na samaki. Hakuwa na wasiwasi, maana siku hizo umeme wa mchana ulikuwa umeacha kukatika. Alidhani mafundi wa umeme wamekuja kimyakimya wakarekebisha kitu. Akamshukuru Mungu, akafunga friza.

Jumatano akaita watu wa turubai. Sherehe Jumamosi, turubai Jumatano!

"Lifungeni upande wa fundi. Nguzo ndefu. Bado, pandisheni tena."

"Mama, huku wageni watakaa wapi? Ni ukutani."

"Wewe funga, maswali peleka kwenu."

Na nani atamwambia mtu atoe turubai la shughuli? Ukilalamika, wewe ndiye mchawi wa harusi. Mama alilijua hilo vizuri. Kivuli kikajilaza juu ya zile paneli kama paka aliyeshiba.

Fundi akatoka, akatazama juu. "Shoga, hongera ya shughuli. Ila hili turubai linanizibia jua. Huwezi kulivuta kidogo upande ule?"

"Jirani, mwanangu anaagwa mara moja tu. Jua lako litakuwepo hata Jumatatu."

Fundi akaingia ndani. Kesho yake betri zikaisha. Cherehani kikanyamaza, na mama akala chakula cha mchana kwa hamu ambayo hakuwa nayo muda mrefu. Lakini fundi alikuwa na kazi isiyoweza kusubiri Jumatatu. Akarudisha vyerehani na pasi kwenye laini. Kinyozi naye akarudi. Fundi simu naye.

Saa nane haikufika. Transfoma ikaguna, ikatoa moshi, ikafa. Haikuzimika tu, nasema ilikufa. Ijumaa maji mekundu yakaanza kutambaa chini ya mlango wa friza, na inzi wakawa wageni wa kwanza kufika kwenye sendofu.

Mama akavamia kwa fundi. "Umetuunguzia transfoma! Si una jua lako? Kwenye laini yetu umerudi kutafuta nini?"

Fundi akainua gauni la kitenge, sindano bado imening'inia. "Hizi ni sare zenu, mama. Za sherehe ya mwanao, kitambaa alikileta mwenyewe. Ndizo nilizokuwa namalizia." Akalilaza mezani. "Umeme wa mchana uliacha kukatika lini? Si ile wiki niliyohamia juani? Mimi nilipotoka kwenye laini, niliuacha ukubakie wewe. Jirani, kile kivuli ulikuwa unamwekea nani?"

Sasa niambieni. Mama alipoteza nyama kwa sababu jua halikutosha? Jua liliwatosha fundi, kinyozi na fundi simu, na umeme uliobaki ukaipoza friza yake. Kilichokuwa hakitoshi ni moyo.

Na sisi je? Chuo kimeamua kuanza kufunga paneli kwenye hosteli ya wavulana, maana bati lao ni jipya. Sisi tukawaka. Kwa nini wao? Wamekuwa nani? Tukafika mahali pa kusema, kwa midomo hii iliyotoka kuimba sifa sasa hivi, bora zisifungwe kabisa. Hosteli zetu zinanyonya laini moja, wapendwa! Kila muhula tunaongezeka sisi, kompyuta zetu na majiko yetu ya magendo. Wao wakipanda juani, sisi tunapumua. Na wavulana mnaocheka huko nyuma, tungetangulizwa sisi, mngekuwa mmeshakodi turubai.

Mungu anachomoza jua bila kuuliza bati ni la nani. Sisi ndio tunaouliza.

Zamu yetu tuidai, na mimi nitaidai kwa sauti kubwa kuliko wote. Lakini kudai zamu yako si kumzibia mwenzako.

Kesho asubuhi mafundi wanapanda. Ngazi yao ni ndefu na pale chini panateleza. Dada yangu, naomba uje tuwashikie ngazi.